Sura ya Sita: Mashine Inayojizima Saa Moja Jioni

Kompyuta iliyokufa kabisa haina shida. Unabonyeza swichi, kimya. Unaanza kwenye waya, unahamia pawa saplai, unaishia kwenye mazabodi, na kabla jua halijasimama utosini umeshajua kilichokufa. Kazi ipo kwa ile inayopiga mzigo vizuri asubuhi nzima mbele ya fundi, fundi akapewa nauli yake akaondoka, na jioni ikajizima huku mteja amesimama kaunta. Mashine ya namna hiyo humkamua mwenyewe polepole. Leo kanunua ramu, mwezi ujao kanunua diski, halafu kapiga Windows upya, na ugonjwa uko palepale.

Na kama mashine yenyewe ni ya kuunga, mwenye nayo hana wa kumpigia simu. Kompyuta yenye nembo moja ilijaribiwa kiwandani ikiwa kitu kimoja kabla haijafungwa kwenye boksi. Ya kuunga ilijaribiwa vipande vipande na watu wasiojuana. Aliyevikutanisha vipande hivyo kwa mara ya kwanza ni wewe, kwa hiyo mtengenezaji ni wewe, na dawati la malalamiko ni wewe.

Nitaieleza kazi hii kwa mashine moja ya Mahege, kata ya wilaya ya Kibiti, upande wa delta ya Rufiji, nchi ya minazi na mikorosho na, ukisogea baharini, mikoko. Mwenye nayo ni kijana wa steshenari. Mchana anachapa barua, anatoa kopi na kujazia watu fomu za mtandaoni. Jioni anarusha miziki na filamu kwenye simu na flashi. Vipande alivinunua Kariakoo kwa awamu, kadiri hela ilivyopatikana: mazabodi na prosesa ya Intel za mtumba, ramu mbili zisizofanana, moja ya gigabaiti 8 na nyingine ya 4, SSD mpya, na kasha lililokuja na pawa saplai ya bure ndani yake. Alivifunga mwenyewe, akapanda navyo basi Mbagala, na kutoka Kibiti mjini vikamalizia safari juu ya bodaboda.

“Shikamoo fundi. Hii kompyuta ina jini,” aliniambia.

“Marahaba. Jini lake linakuja saa ngapi?”

Alicheka, lakini jibu alikuwa nalo. “Likiwahi, saa moja jioni. Likichelewa, saa tatu. Mchana halijawahi kuja.”

Mafundi wawili waliotangulia hawakumuuliza swali hilo. Wote wawili walipiga Windows. Nina ugomvi wa muda mrefu na dawa hiyo, na wacha niumalize hapa. Kupiga Windows kunatibu ugonjwa wa Windows tu: faili lililoharibika, draiva mbaya, virusi. Hakuongezi volti, hakusafishi meno ya ramu, hakurudishi pasti iliyokauka juu ya prosesa. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba kunafuta ushahidi. Windows huandika kumbukumbu ya kila ilipoanguka, na fundi anayeanza kwa kufomati ameichoma kumbukumbu hiyo kabla hajaisoma. Kama kompyuta yako imeanguka mara tano, hizo mara tano ni mali. Usimruhusu mtu azifute.

Tulianza na daftari la shule. Kila mashine ikianguka, mwenyewe aandike siku, saa, alichokuwa akifanya, na imeangukaje. Hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mashine kujizima ghafla kama iliyochomolewa kwenye soketi ni jambo moja. Kutoa skrini ya bluu yenye maandishi, ikajihesabia asilimia na kuwaka upya, ni jambo jingine. Kuganda picha ikiwa palepale, kipanya hakisogei na sauti inakwaruza, ni la tatu. Kujizima kwa ghafla kunaelekeza kidole kwenye umeme au joto. Skrini ya bluu maana yake Windows ilikuwa hai, ikaona kitu kisichowezekana, ikaamua kusimama kuliko kuharibu data; hapo shuku ramu, draiva, diski au prosesa. Kuganda kuna wazazi wengi, ila diski na kadi ya picha ndizo za kuulizwa mwanzo. Mteja akikwambia tu kwamba “inazima”, hajakwambia kitu bado.

Kwa kawaida Windows ikianguka hujiwasha upya kabla hujasoma maandishi. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya kuanza na kupona, ondoa alama kwenye kujiwasha kwenyewe. Kuanzia hapo skrini ya bluu itakusubiri mpaka uisome au uipige picha na simu.

Kisha kumbukumbu zenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, fungua Windows Logs, kisha System. Ukitaka picha ya haraka zaidi andika perfmon /rel, utaona kalenda yenye alama nyekundu kila siku iliyokuwa na ajali. Kwenye mashine ya Mahege tulikutana kwanza na kikwazo cha kuchekesha: kalenda ilikuwa imejaa tarehe za miaka ambayo mazabodi hiyo ilikuwa bado ghalani. Betri ndogo ya CR2032, ile ya duara kama shilingi, ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika saa ya mashine ilirudi mwanzo mpaka ipate intaneti ya kujirekebisha. Betri mpya ni hela kidogo. Bila hiyo, huwezi kulinganisha daftari na kumbukumbu za mashine. Na ukilinganisha, kumbuka mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane: saa moja na dakika nne jioni ya daftari ni 19:04 ya Windows.

Baada ya betri, vitabu viwili vilianza kukubaliana. Kila jioni mashine ilipojizima, Windows ilipoamka iliandika Kernel-Power namba 41. Mafundi wengi wakiiona namba hiyo husema pawa saplai imekufa, wakauza nyingine. Namba 41 haisemi hivyo. Inasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya kwa mkono utaipata. Siri iko ndani yake: fungua maelezo, tafuta mstari wa BugcheckCode. Ukiwa na namba tofauti na sifuri, kulikuwa na skrini ya bluu na namba hiyo ndiyo jina lake. Ukiwa sifuri, Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika. Ama umeme ulikatwa miguuni pake, ama iliganda na mtu akaizima kwa kidole.

Za jioni karibu zote zilikuwa sifuri. Chache, za saa yoyote ile, zilikuwa na namba, na namba zenyewe hazikufanana. Hapo nikajua kuna wagonjwa wawili ndani ya kasha moja. Kwenye mashine za kuunga kwa vipande vya mtumba hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na ndilo linalowavunja moyo: unatibu mmoja kwa haki kabisa, mwingine anaanguka wiki inayofuata, unadhani ulikosea, unarudisha ulichotoa.

Tulianza na wa jioni. Joto lilijitoa lenyewe kwenye kesi. Duka limeezekwa bati bila dari. Kama mashine ingekuwa inakufa kwa joto, ingekufa saa nane mchana. Ukaguzi wa haraka ulithibitisha hivyo, maana prosesa za Intel nyingi hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, na hii mchana kweupe ikifanya kazi nzito haikufika hata 80. Hata hivyo nilizigusa pini nne za plastiki zinazoshika feni ya Intel juu ya mazabodi, na moja ilikuwa imechomoka nusu. Feni za pini hizo zina sifa mbaya duniani kote, na safari ya bodaboda haizisaidii. Ukisafirisha mashine ya kuunga kwenda wilayani, ilaze kasha kwa ubavu, mazabodi ikiwa chini, feni ikiikalia badala ya kuning’inia.

Basi umeme. Kibiti ina kisa chake na umeme. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, limejengwa kwenye mto huuhuu wa Rufiji, na mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Ila umeme hauteremki na mto. Unaondoka kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, ndipo uanze safari ya kusambazwa. Watu wakisikia megawati elfu mbili hudhani kompyuta imepona. Kompyuta haili megawati. Inakula kilichofika kwenye soketi yake, na mita kumi za mwisho ndani ya nyumba ya mtu zinaweza kuharibu kazi ya bwawa zima.

Mita kumi za mwisho za duka hili zilikuwa ekstensheni moja nyembamba iliyopita juu ya kenchi. Ilibeba kompyuta, printa, spika, chaja za simu za wateja na friza la jirani, anayeuza samaki na kamba. Makubaliano yao yalikuwa ya kirafiki: LUKU wananunua pamoja.

Injini ya friza haikai ikiwaka muda wote. Huwaka ikihitaji baridi, na sekunde ile ya kuanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Kwenye waya mnene huioni. Kwenye waya mwembamba na mrefu, volti zinashuka kwa kitambo kidogo, taa inafumba jicho na kufumbua. Pawa saplai ya kompyuta imeundwa ivumilie kitambo hicho: kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995 na kuboreshwa mara nyingi tangu hapo, kinataka ishikilie mzigo kwa takribani milisekunde 16 au 17 umeme ukipotea. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani wimbi moja lina milisekunde 20. Hata pawa saplai nzima, kwa mzigo mkubwa, haina hakika ya kuvuka wimbi moja lililokosekana. Ya bure ya ndani ya kasha, yenye kapasita ndogo zilizozeeka, haina hata uvumilivu huo. Ikihisi haiwezi, inaondoa ishara inayoiambia mazabodi kwamba umeme ni mzuri, na mazabodi inajizima papo hapo. Windows haijui kilichotokea. Ndiyo ile sifuri.

Kwa nini jioni? Mchana friza lilikuwa limefungwa. Jioni wateja wa kitoweo wanafungua na kufunga, injini inawaka kila mara, na saa hizohizo kila nyumba ya jirani imewasha taa na televisheni, volti za kuanzia zikiwa tayari zimepungua. Kila kimoja peke yake mashine ingekivumilia.

Mita ya kawaida ya fundi ni nzito ya macho kwa mambo ya namna hii. Mpaka namba ibadilike, kitambo kimeshapita. Kama yako ina kazi ya kushika kiwango cha chini kabisa, itumie. Kama haina, chomeka balbu ya zamani ya waya kwenye ekstensheni ileile na uitazame. Ila kipimo kikubwa kuliko vyote hakihitaji kifaa: tenganisha washukiwa. Tulimwomba mama wa samaki friza lihamie soketi ya upande wake, yenye waya wake kutoka kwenye bodi ya swichi. Jioni ile mashine haikuzima. Wala iliyofuata.

Kabla hatujaondoka kwenye umeme, geuza pawa saplai usome kibandiko. Kikiwa kimeandikwa 100–240V na hakuna swichi nyekundu nyuma, hiyo inavumilia umeme mdogo vizuri. Kikiwa 200–240V, au kuna swichi ya kuchagua 115 na 230, kila volti zikiteremka chini ya 200 uko nje ya ahadi yake. Nimesikia ushauri kwamba umeme ukiwa mdogo sana uiweke swichi kwenye 115 “ili iupokee”. Usithubutu. Umeme ukirudi kamili utasikia mlipuko, na moshi wake una harufu usiyoisahau. Na usiifungue pawa saplai kutafuta mjusi au sisimizi, hata kama unajua wamo. Kapasita kubwa ya ndani hubeba takribani volti 325, na huendelea kuzibeba baada ya waya kuchomolewa.

Kijana alinionyesha jambo jingine alilolizoea: akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, akigusa kasha, linamtekenya. Hilo nalo wengi huliita jini. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, zimefungwa kati ya nyaya za umeme na kasha. Ethi ikiwa haipo, kasha linajikuta katikati, na volti kama 115 zenye mkondo mdogo sana zinamsubiri mwenye mkono. Mkondo huo hauui, lakini unaua tundu za HDMI na USB pale unapounganisha kompyuta na televisheni au amplifaya iliyochomekwa kwingine, na cheche ndogo ya kuunganisha inaweza kuangusha mashine nzima. Ekstensheni yake ilikuwa na tundu la ethi lililo wazi kabisa, lisilo na waya nyuma yake. Fundi umeme alipiga fimbo ya shaba ardhini, akavuta waya wa kijani mpaka bodi ya swichi, na mtekenyo ukaisha.

Wanaoishi visiwani ndani ya delta kwa sola wana shida yao ya pekee. Inveta za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai nzuri za kisasa, zile zinazojirekebisha zenyewe, hukataa wimbi hilo: zinanguruma, au zinazima inveta inaposhika mzigo. Hapo unaweza kukuta pawa saplai ya bei kubwa inaanguka na ya bure inadumu. UPS nyingi ndogo zina wimbi hilohilo. Na betri ya UPS ya risasi, ile ya volti 12, uzee wake unakwenda na joto. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri unapungua kama nusu. Chini ya bati la Pwani, UPS ya miaka mitatu ni ekstensheni nzito tu.

Sasa mgonjwa wa pili. Skrini za bluu zilikuwa zinakuja kama mara moja kwa wiki, saa yoyote, kila moja na jina lake: leo kumbukumbu, wiki ijayo mfumo wa faili, halafu draiva ya picha. Mtu akizifuata moja moja atabadilisha draiva zote za duniani. Majina yanayobadilikabadilika hivyo kwa kawaida yana mzazi mmoja, naye ni ramu. Biti moja ikigeuka mahali popote, kosa litaibuka kwa yeyote aliyekuwa akitumia mahali hapo.

Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wawili wa Google walichapisha uchunguzi wa ramu za maelfu ya mashine za Google kwa kipindi cha miaka miwili na nusu. Zaidi ya asilimia 8 ya ramu zilionyesha kosa ndani ya mwaka mmoja. Tena joto, ambalo kila mtu alilishuku, lilikuwa na athari ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Mashine zao zilikuwa na ramu zinazojisahihisha. Yako na yangu hazina, kosa likitokea linapita moja kwa moja.

Chombo cha kazi ni MemTest86+, bure, kinaingia kwenye flashi ndogo na kuwaka chenyewe bila Windows. Kiache usiku kucha. Kosa moja tu katika usiku mzima linatosha. Hakuna ramu yenye “makosa machache”. Kabla ya kupima, ingia kwenye BIOS urudishe kasi ya ramu kwenye ya kawaida, kwa sababu kasi zile kubwa zinazoandikwa kwenye pakiti mara nyingi ni za kusukuma, na ramu mbili za makampuni tofauti hazikuahidiana kwenda pamoja. Kisha pima ramu moja moja kwenye tundu lilelile. Ukipata kosa, hamisha ramu hiyo kwenye tundu jingine. Kosa likiifuata ramu, ramu ni mbovu. Likibaki kwenye tundu, angalia mazabodi, au prosesa haijakaa sawa.

Tulizichomoa. Meno ya ramu ya gigabaiti 4, yanayotakiwa kung’aa dhahabu, yalikuwa na ukungu wa kahawia, na mawili yalikuwa na vidoa vya kijani pembeni. Dhahabu yenyewe haipati kutu, lakini kinachopakwa ni utando mwembamba mno. Unyevu na chumvi hupenya vitundu vyake, hukuta nikeli na shaba chini, na kazi inaanza hapo. Ongeza mtikisiko wa safari unaosugua meno kwenye tundu. Mafundi husafisha kwa raba ya penseli, na raba inafanya kazi, ila inakwangua ule utando kidogo kila mara. Mimi hutumia spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, raba nikaiachia doa sugu. Baada ya kusafisha, ramu ya 8 ilipita usiku mzima bila kosa. Ya 4 ilirudisha makosa kwenye anwani ileile katika kila tundu. Hiyo ilikuwa imekufa kwa siri tangu Kariakoo, au kabla.

Mengine niyapitishe haraka, kwa sababu mashine hii haikuwa nayo. SSD na hadidiski zisome kwa CrystalDiskInfo: hesabu ya sekta zilizohamishwa ikiwa inapanda kila wiki, nakili kazi zako leo. Lakini kinachopanda kikiwa ni C7 peke yake, acha diski. Mara nyingi ni waya wa SATA, bei ya soda chache. Kapasita za mazabodi zitazame vichwa: vinatakiwa kuwa bapa. Mazabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitoka na kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja, na Dell peke yake mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya hasara hiyo, OptiPlex GX270 zikiwa miongoni mwa zilizoathirika. Mashine za kizazi hicho bado utazikuta kwenye marundo ya mitumba. Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nne au nane pembeni juu, ukiwa haujaingia mpaka ukalia “tak”, mashine itawaka na kuanguka kazi ikizidi. Na skrubu moja iliyopotea nyuma ya mazabodi inaweza kukufanya uuze shamba.

Mara chache kosa si lako wala si la Kariakoo. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilianguka mikononi mwa watu waliofunga kila kitu kwa usahihi, mpaka kampuni ilipokiri Julai 2024 kwamba programu yake ya ndani ilikuwa ikiomba volti kubwa kupita kiasi. Marekebisho yalikuja Agosti kwa njia ya BIOS, na udhamini ukaongezwa miaka miwili. Zilizokwisha kuungua hazikupona kwa marekebisho hayo. Tarehe 19 Julai mwaka huohuo faili moja la CrowdStrike lilitandaza skrini ya bluu kwenye kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, uliza kama wenzako wenye spea kama zako nao wanalia.

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayeunga kompyuta angepaswa kuusoma. Mwaka 2011 Edmund Nightingale na wenzake wa Microsoft walichambua taarifa za ajali kutoka kompyuta za kawaida zipatazo milioni moja. Zenye nembo zilianguka kidogo kuliko za kuunga. Mashine zilizosukumwa kasi zilianguka zaidi, na zilizopunguzwa kasi kidogo zilianguka mara chache kuliko hata za kawaida. Lililonishika ni hili: mashine iliyoanguka mara moja kwa kosa la prosesa ilikuwa na uwezekano mpaka mara mia zaidi wa kuanguka tena. Ajali ya kwanza si bahati mbaya ya kupuuza. Bado naona kuunga kuna maana Mahege, kwa sababu kipande kikifa unabadilisha kipande, na kipande kinaingia kwenye begi la mtu anayetoka Dar es Salaam. Lakini hela ya kwanza iende kwenye pawa saplai nzuri, kabla ya prosesa na kabla ya taa za rangi.

Swali lililobaki ni lini useme imepona. Fundi anataka kuondoka, mteja anataka kuamini, mashine imekaa siku mbili bila kuzima, wote wanapeana mikono. Fanya hesabu kwanza. Kitu kinachotokea bila mpangilio kwa wastani wa mara moja kwa wiki kina nafasi ya karibu asilimia 37 ya kutotokea wiki nzima, hata usipogusa chochote. Ukingoja wiki tatu, nafasi ya kudanganyika inashuka mpaka asilimia 5 hivi. Kanuni yangu ni kungoja mara tatu ya muda wa kawaida kati ya ajali mbili, na kutobadilisha kitu kingine katikati. Kwa friza, lililokuwa likiangusha mashine kila jioni, jioni tatu zilitosha. Kwa ramu tulihitaji wiki tatu, duka likifanya kazi na gigabaiti 8 peke yake. Kijana alinung’unika kwamba filamu zinachelewa kunakiliwa, jambo ambalo ramu haihusiki nalo sana. Flashi za wateja wake ndizo zilizokuwa nzito. Pawa saplai mpya tuliifunga baada ya wiki hizo kwisha. Tungeifunga mapema, tusingejua nani alimponya nani.